Saa ya Kibati

Siku Théogène alipoondoka, alikuwa amebakiza neno moja tu la kusema, na aliliahirisha kwa sababu ya njaa.

Walikuwa wawili, yeye na dada yake mdogo Uwingabire, katika chumba kidogo juu ya duka la vitenge katika mtaa wa Birere. Chumba cha pili, chenye mlango wa bluu, ndicho kilichokuwa maabara yenyewe, ambako damu na makohozi ya watu wa Kibati, wa Kalengera na wa vijiji vya katikati hushushwa kila asubuhi kwa pikipiki. Wao wawili hawakupima kitu. Kazi yao ilikuwa kuyarudisha majibu kwa njia ya kompyuta, na kuhakikisha kwamba jibu la mtu wa Kibati linafika Kibati, halisomwi na mwingine njiani, wala halitoki kwa tapeli anayejifanya maabara.

Kwa ajili hiyo Théogène alikuwa ametengeneza kitu alichokiita Mzazi. Mzazi ni ufunguo wa siri, uliofungiwa ndani ya kompyuta kuukuu ambayo haijaunganishwa na mtandao wowote, na kazi yake ni moja: kutia vyeti sahihi. Kila kituo kina cheti chake, na kompyuta mbili zikikutana huonyeshana vyeti kwanza. Zikiona sahihi ya Mzazi, zinaongea. Zisipoiona, zinanyamaziana kama wakwe waliogombana. Na ukibofya alama ndogo ya kufuli kwenye kioo cha kompyuta, unasoma cheti kimetolewa na nani. Miaka yote hiyo lilisomeka jina moja: Théogène.

"Yaya," Uwingabire alimwita kaka yake siku hiyo, "Mzazi anafika mwisho wake mwaka huu. Lazima tumufungue tumuongezee miaka mbele hajakoma. Na weye peke yako njo unajua mot de passe yake, ile neno ya siri."

"Unanishuku?"

"Ninakuuliza."

"Ni neno la kuchekesha," Théogène alisema, na akaanza kucheka peke yake, mkono tumboni. "Nikikuambia na njaa hii, hatutacheka muzuri. Acha nishuke nilete vile visamaki, sambaza za moto. Tutakula, kiisha nitakuambia."

Alishuka ngazi akicheka. Uwingabire alimsikia akimtania mwuza vitenge pale mlangoni. Kisha zikaja kelele za watu, na aliposhuka naye alimkuta kaka yake amelala juu ya mawe meusi ya barabara, sambaza zimemwagika kando yake, zingali na moto. Moyo, daktari alisema.

Matanga yalikuwa nyumbani kwa mama yao, Mukantwari. Watu walilia mpaka sauti zikakauka, wakaanza kukohoa, wakaomba chai. Uwingabire alikuwa ameileta ile kompyuta kuukuu nyumbani, maana aliogopa kuiacha Birere peke yake kama mtoto, na alikuwa ameipakata chini ya kitenge. Gauthier, mpimaji wa maabara, mtu ambaye mdomo wake haujui matanga wala arusi, ndiye aliyesema kwa sauti kwamba marehemu ameondoka na neno la siri, na kwamba bila neno hilo Mzazi hafunguki.

Halafu mzee Habarurema akakohoa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba yao aliyekwisha kufariki, mchunga ng'ombe wa Masisi aliyebaki bila ng'ombe hata mmoja, lakini aliyeongea siku zote kana kwamba wanamngoja nje.

"Andika Habarurema," alisema. "Ni miye nilimufundisha kuhesabu."

Uwingabire aliandika. Mashine ilikataa.

"Weka Papa mbele, Papa Habarurema. Alikuwa mutoto wa heshima."

Ikakataa na Papa.

"Andika Gaju," alisema mama Mukantwari, akipangusa macho. "Maziwa ya ile ng'ombe njo yalimukomaza."

Gaju naye akakataliwa. Gauthier akasema andika sambaza. Wakamzomea, lakini Uwingabire aliandika, ikakataa. Mwuza vitenge, mwanamke mnene mpole aitwaye Nabintu, aliinua kidole kutoka pembeni.

"Jaribu Nabintu."

Watu wote wakageuka wakamtazama.

"Minasema tu," alisema Nabintu, akatazama kikombe chake.

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Kilianza kwa Gauthier, kikamshika mama wa marehemu mwenyewe, ambaye alicheka huku akimpiga Nabintu begani kwa ndala, kikatoka nje mpaka kwa waliokaa chini ya hema, na waliokuwa nje walipoambiwa kinachochekesha wakaanza kupanga foleni. Kila mmoja alikuja na jina lake. Jirani aliyemkopesha nyundo. Padri. Mwalimu wa zamani, aliyeleta majina mawili na la ukoo. Mashine ilikataa wote kwa usawa, na kila aliyekataliwa aliondoka amenyong'onyea kidogo, kwa maana hakuna aliyekuja kwa ajili ya maabara. Kila mtu alitaka kusikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa kichwani mwa Théogène.

Uwingabire alingoja mpaka alipobaki peke yake jikoni. Akaandika Kasuku, jina ambalo kaka yake alimwita tangu utoto kwa sababu ya maneno mengi. Alilijaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, na kwa herufi kubwa ya kwanza tu. Kisha akafunga kompyuta, akaenda kuwasaidia wengine kucheka.

Baada ya matanga alipaswa kutengeneza Mzazi mwingine. Hakuwa mjinga wa kazi hiyo; alikuwa amemwona Théogène akiifanya, na alijua kila hatua. Lakini kila alipokaa aianze, alifika kwenye kile kisanduku kinachouliza jina la mwenye kutoa vyeti, na mkono ukasimama. Akiandika jina jipya, lile la zamani litafutika Birere, litafutika Kalengera, litafutika Kibati. Basi alifunga kisanduku, akarudi kwenye Mzazi wa zamani, akajaribu neno jingine. Alijaribu majina ya timu za mpira. Alijaribu majina ya samaki.

Tarehe ya mwisho ilisogea. Charline alipiga simu. Huyu alikuwa muuguzi wa Kibati, Mnande wa Butembo, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Uwingabire, nyinyi batu ya Birere muko mbio kupita kipimo. Munapima damu ya mutu mbele hajagonjwa."

"Unasema nini?"

"Minakusifu. Juzi mulinitumia jibu lenye tarehe haijafika. Lakini sikia. Kuna mama hapa anaitwa Bénita, mimba yake ni kubwa, alitoka damu, na minangoja jibu lake la wiki hii. Gauthier anasema mashini zitagombana. Ni kweli?"

"Mzazi akikoma, zitagombana."

"Kiisha majibu yatapanda tena na karatasi, mufukoni mwa mutu wa pikipiki? Unakumbuka ile ya mwaka ule, ililowa na mvua, nikasoma kundi la damu O pahali pa A? Mungu alinisaidia nikaomba mupime tena. Tengeneza kitu, mama."

Uwingabire alimweleza mama yake jioni hiyo, wakichambua maharage. Mama Mukantwari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mufu hatii sahihi, mutoto yangu," alisema. "Tengeneza ingine."

"Nitaandika jina la nani?"

"Nani njo atakuwa anatoa?"

"Miye."

"Peke yako? Yaya yako alibeba peke yake, ona mahali tuko." Alitupa jiwe la maharage mlangoni. "Watu wakitafuta nyumba hii wanaulizaka nini?"

"Wanaulizaka kwa Mukantwari."

"Njo hivyo."

Kwa hiyo Uwingabire akampigia Charline na kumpa masharti. Kompyuta ya Kibati itajitengenezea ufunguo wake yenyewe, na ufunguo huo usitoke nyumbani kwake. Kitakachosafiri ni ombi la cheti tu. Ombi aje nalo mtu anayejulikana, uso kwa uso, lithibitishwe kwamba kweli ni la Kibati, na ndipo Mzazi atie sahihi, cheti kirudi na mwenyewe.

Charline aliyarudia kwa sauti.

"Ombi," alisema. "Linaletwa na mujumbe. Mujumbe anahojiwa. Nyumba ikikubali, anaenda na mutu wake. Dada, hapo si unaniambia nije kuomba bibi arusi?"

Laiti mchezo ungeishia hapo. Lakini Gauthier alikuwa karibu na simu, na mdomo wa Gauthier ulimfikia mzee Habarurema, na mzee Habarurema alikuwa hajapewa arusi ya kusemea tangu aache Masisi. Jumamosi asubuhi alikuja amevaa koti la suti na kushika fimbo ya kuchungia, akakaa katikati ya sebule ya Mukantwari kwenye kiti cha mikono, akaagiza mlango ufungwe.

Asubuhi hiyo Uwingabire alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu kwenye kompyuta nyingine isiyo na mtandao, na alikuwa ametaka Mzazi mpya azaliwe kabla ya wageni. Neno la siri lilikatwa vipande vitatu, kimoja chake, kimoja cha Gauthier, kimoja cha mama Mukantwari, ili asiwepo tena mtu mmoja wa kuondoka nalo lote. Kila mmoja aliandika chake, wengine wakitazama ukuta. Shida ilikuwa kwa mama. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechagua nyanya, na kila herufi aliyoipata aliitaja.

"Mama, unasema."

"Sisemi. Ninakumbuka."

"Tunakusikia mupaka huku."

"Basi imbeni."

Wakaimba. Gauthier alianzisha wimbo wa kanisani, na Habarurema hakuujua, akaimba wake wa ng'ombe, na katika kelele hizo Mukantwari alitafuta herufi zake kwa utulivu mpaka ya mwisho. Uwingabire aliangalia ukuta akiwa amejiuma midomo, machozi yakimtoka kwa kucheka. Alipogeuka, kisanduku cha jina kilikuwa kinamngoja. Aliandika Kwa Mukantwari na hakusimama. Akaanza na cheti cha maabara yenyewe.

Hodi ikapigwa.

"Nani huyo?" aliuliza Habarurema.

"Ni sisi."

"Sisi ni jina la nani?"

"Ni batu ya Kibati, muzee. Tunakuja kwa amani."

"Kibati siijui. Iko Butembo?"

Charline aliingia na kicheko chake nyuma yake. Alikuwa amefunga kilemba kipya, na mikononi alibeba kikapu kidogo chenye kifuniko, cha arusi hasa, na ndani ya kikapu, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na flash iliyobeba ombi.

"Kaa," alisema Habarurema. "Usikae. Kwanza sema, umekuja kuiba?"

"Nimekuja kuomba, muzee. Tuna kijana yetu kule Kibati. Ni mupole, hasumbui, analala mapema kila umeme ukikatika. Anatafuta cheti."

"Vijana ya kulala mapema tunayajua. Anafanya kazi gani?"

"Anapokea majibu."

"Anajua kusoma?"

"Anasoma kupita weye, muzee."

Nyumba ikacheka, na Habarurema, ambaye alikuwa hajacheka, aligonga fimbo chini.

"Nitajua aje kama ni kijana ya Kibati, na si mwizi wa barabarani amevaa kilemba?"

Hapo hata Uwingabire aliona kwamba mzee, kwa mchezo wake, amefika pale pale kazi inapopaswa kufika. Alimweleza kwamba kila ombi lina alama zake, kama alama za kidole, mfuatano wa herufi na tarakimu. Charline amezinakili kwa mkono kutoka kwenye kompyuta ya Kibati. Yeye atazisoma kutoka ndani ya flash. Zikilingana zote, ombi halikubadilishwa njiani.

"Someni," alisema mzee.

"B saba," akasoma Uwingabire.

"B saba," akajibu Charline kutoka kwenye karatasi yake.

"F nne."

"F nne."

Habarurema alifumba macho. Kwao Masisi, ng'ombe hatajwi tu, anasifiwa. Alianza kunong'ona, kisha kwa sauti, mkono umeinuka juu kama pembe. B Saba asiyekanyaga mali ya jirani. F Nne, paji jeupe, aliyevuka lava bila kuchoma kwato. E Mbili mwenye kiwele cha kulisha parokia. Kila alama ikawa ng'ombe, na kila ng'ombe akapewa makuu yake, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Gauthier alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi tena kusimama. Kundi lote lilipokwisha kuingia zizini bila ng'ombe mmoja kupotea, Habarurema alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

"Tunabapatia bibi arusi," alisema.

Watatu wakaandika tena vipande vyao, wimbo ukaimbwa tena, Mzazi akatia sahihi. Mama Mukantwari akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje kuuliza nani ameolewa.

Walipitia Birere kuweka cheti cha maabara, kisha wakapanda Kibati siku ile ile kwa gari la kukodi, Uwingabire, Gauthier, Charline na kikapu chake, na Habarurema, aliyesema kwamba bibi arusi hasindikizwi na watoto. Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja chenye meza, na juu ya meza kompyuta ndogo inayoishi kwa umeme wa jua. Uwingabire aliweka Mzazi mpya, akaweka cheti kipya, akabofya. Wote wakainama.

Kompyuta ilikataa.

Alirudia. Ikakataa. Alisoma maneno ya Kifaransa kwenye kioo mara mbili. Mlangoni, kwenye benchi, alikuwa amekaa mwanamke mwenye mimba kubwa, mkono kiunoni. Bénita, Charline alisema kwa sauti ya chini, amekuja kwa miguu kuuliza jibu lake.

"Inasema nini?" aliuliza Gauthier.

"Inasema cheti hakijaanza kufaa. Kwamba siku yake haijafika."

"Yaani mutoto hajazaliwa," alisema Habarurema. "Na sisi tumekula karamu."

Uwingabire alitazama pembeni ya kioo, pale tarehe inapokaa. Akatazama tena. Akakumbuka sifa za Charline: batu ya Birere wanapima damu ya mutu mbele hajagonjwa.

"Charline, nani anarekebishaka saa ya hii mashini?"

"Ni yaya yako. Kila akija. Haina betri ya saa. Umeme ukikatika inalala, ukirudi inaendelea pale ililalia. Inadhani haikulala."

"Na tangu asije?"

Charline aliinamia tarehe. Alikuwa naye ameona. Miezi yote hiyo kompyuta ya Kibati ilikuwa imelala usiku baada ya usiku, na kila ilipoamka iliendelea pale ilipoachia, ikijivuta nyuma ya watu wote. Kwa hesabu yake, siku ya sambaza ilikuwa bado. Kwa hesabu yake Théogène yuko Birere, juu ya duka la vitenge, mzima.

"Basi tumupigie," alisema Gauthier. "Tumuulize mot de passe."

Lilikuwa neno baya la kusema, na labda ndiyo sababu liliwashika vile. Charline alianza kucheka, akashika ukuta. Habarurema akaangusha fimbo. Uwingabire alicheka mpaka akakosa pumzi, paji la uso mezani, mabega yakitikisika, na hakuna ambaye angeweza kusema ni wakati gani kicheko kilikoma kuwa kicheko. Bénita, kwenye benchi, ambaye hakuelewa kitu, alicheka pia kwa kuwaona, akajishika tumbo, akasema jamani musinizalishe hapa.

Walipotulia, Uwingabire alifungua mahali pa tarehe. Angeweza kuiandika yote kwa mara moja. Badala yake aliweka kidole kwenye kitufe cha mshale wa juu, na kila alipobonyeza ikapita siku. Zilipita upesi. Kisha akapunguza. Kisha akasimama, kwenye siku ya sambaza.

Hapakuwa na kitu pale. Ilikuwa tarehe kama nyingine, na chini yake kompyuta ilikuwa ikisubiri.

"Bado anashuka ngazi," alisema, pole pole.

Habarurema aliokota fimbo yake. Hakutumia sauti ya arusi.

"Usisimame pale, Kasuku. Ng'ombe zikisimama katikati ya barabara zinagongwa. Pita."

Uwingabire aligeuka kumtazama, maana hakujua kama kuna mwingine anayelijua jina hilo.

"Alikuwa akikuitaka hivyo hata ukiwa hauko," mzee alisema. "Pita."

Alibonyeza. Ikapita ile, zikapita za matanga, zikapita za majina ya samaki, mpaka ikafika Jumamosi ya leo. Akabofya tena, na alama ya kufuli ikajifunga, na chini yake ikasomeka kwamba cheti kimetolewa na Kwa Mukantwari. Majibu yaliyokuwa yakingoja Birere yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. Charline aliyapitia kwa kidole mpaka akafika alipotaka, akasoma mara mbili, akaenda mlangoni.

"Mama Bénita, ingia. Kundi lako ni A, na damu yako ina nguvu ya kutosha. Utazaa hapa hapa."

Cheti cha Kibati kitafaa miaka miwili, Mzazi, kumi. Watu wa Kalengera wamesikia, na wamekataa kuja kuchukua chao bila kuhojiwa na mzee. Kompyuta ya Mzazi mpya iko ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha mama Mukantwari, na ile kuukuu, ya Théogène, iko juu yake, imefungwa. Hakuna anayejaribu tena kuifungua. Betri ya saa haijapatikana. Mwanzo wa kila mwezi Uwingabire hupanda Kibati kurekebisha tarehe.